Njia ya chini ya reli: tukichimba, basi litapita?

#1 MzeeWaStelingi

Wakuu, habari za wakati huu.

Nimeendesha basi la abiria miaka 11 kwenye njia ileile, na katikati yake kuna geti la reli. Nianze na geti lenyewe, maana wanaopanga hawajawahi kukaa pale wakiwa na watu nyuma.

Asubuhi linafungwa kama mara 8 kwa saa. Kila likifungwa ni dakika 4, na treni zikipishana ni zaidi. Yaani dakika 32 katika kila 60 hakuna anayepita. Mwenye gari dogo atanuna, atawasha redio, mambo yataisha. Mimi nina abiria 60, na mwenzangu yuko dakika 6 nyuma yangu. Nikizuiwa dakika 4, ameshanikaribia. Kituo kinachofuata watu wamerundikana kwa sababu nimechelewa, nakawia kuwapakia, ananikuta hapohapo. Kuanzia hapo tunaongozana hadi mwisho wa njia kama gari la bibi harusi na la wapambe. Mimi nimejaza hadi mlangoni, yeye anatembeza viti vitupu, na nyuma yetu kuna pengo ambalo halina basi hata moja. Abiria wa kituo cha mwisho anasema mabasi hakuna. Kumbe yapo, yamebebana.

Sasa tumeambiwa geti litafungwa kabisa, ichimbwe njia ya chini. Nilifurahi nusura nipige kelele. Kisha nikauona mchoro kwa mbali, na kwenye kibao cha kimo pameandikwa mita 3.1. Basi langu, pamoja na kile kiyoyozi cha paani, ni mita 3.3.

Nauliza wanaojua: hivi inawezekana mtu akajenga njia ya kupunguza foleni halafu basi ndilo lisipite? Au nimesoma vibaya?

#2 Napita2

Nimeshavuta kiti. Wataalamu waje.

#3 MamaZege

Mzee, shikamoo. Kazi yangu ni madaraja. Hujasoma vibaya, na jambo hilo linatokea sana kuliko watu wanavyodhani. Ngoja nieleze linatokeaje, si kwa kulitetea.

Kina cha njia ya chini kinapimwa kuanzia kichwa cha reli kwenda chini. Chini ya reli kuna taruma, yaani ile mihimili inayolalia reli, chini ya taruma kuna kokoto, chini ya kokoto kuna paa la zege linalobeba treni. Vyote hivyo vinakula kama mita 1.3. Ukitaka mita 5 za wazi ili kila gari lipite, lami inakaa mita 6.3 chini ya reli. Kwa mteremko wa asilimia 5 unahitaji mita 126 za kushuka na 126 za kupanda, na hapo bado hujaweka ule mpindo wa kulainisha mwanzo na mwisho ili gari lisiruke wala lisikwaruze tumbo. Jumla inavuka mita 300 kirahisi.

Ndani ya hizo mita 300 kuna vichochoro, milango ya maduka, mageti ya nyumba. Vyote vinabaki vinaning'inia juu ya ukuta wa zege. Ama uvijengee barabara ya pembeni, ama uvifidie ubomoe. Sasa mchoraji akishusha kimo hadi mita 3.1, lami inakaa mita 4.4 tu chini ya reli, na mteremko unakuwa mita 88 kila upande. Ameokoa karibu mita 40 upande huu na 40 upande ule, na ubomoaji mwingi umeyeyuka kwenye karatasi. Magari madogo yanapita, gari la wagonjwa la kawaida pengine linapita, na kwenye hesabu ya "magari kwa siku" mradi unapendeza. Basi linahesabika gari moja. Abiria 60 waliomo hawahesabiki popote.

Ndiyo maana mimi mradi wa aina hii naanza na swali moja tu: chombo kirefu kuliko vyote tunachokitaka kipite ni kipi? Likishajibiwa, kina na urefu vinajitokeza vyenyewe.

Jambo jingine ambalo hata baadhi yetu tunalisahau. Kimo kwenye bonde si kile unachopima kwa kusimamisha rula wima. Basi refu likiwa chini kabisa, magurudumu ya mbele yameanza kupanda na ya nyuma hayajamaliza kushuka, kwa hiyo katikati ya paa inasogea juu kuelekea zege. Kwa mpindo wa nusu kipenyo cha mita 300 na magurudumu yaliyoachana mita 10, unapoteza sentimita 4. Ni kidogo, mpaka siku zinapohitajika.

#4 Kontena40

Hapo kwenye kimo niache niseme, mimi ni wa malori.

Kibao kinaandikwa siku ya uzinduzi. Miaka 6 baadaye wanakuja kumwaga lami mpya juu ya ile ya zamani, sentimita 5. Baada ya hapo tena 5. Kibao ni kilekile, kimepigwa rangi upya kabisa kinang'aa. Mimi nimepita daraja moja mara nyingi bila shida, siku nimerudi na trela lilelile nikasikia kwaruuu juu ya kichwa. Nikashuka, nikaona utepe wa bati umejikunja mbele ya tairi langu kama ganda la chungwa. Kiongozi wa kituo akaniuliza kwa nini sikusoma kibao. Nilikisoma!

Wanaopenda video watakuwa wanalijua daraja la reli la mtaa wa Gregson, Durham, North Carolina kule Marekani. Lina umri tangu 1940 na kimo chake kilikuwa futi 11 na inchi 8, karibu mita 3.56. Kuanzia 2008 pana kamera, na malori yaliyochunwa paa mbele ya kamera yamepita 100. Waliweka vibao, waliweka taa, na mwaka 2016 wakaweka kifaa kinachopima gari refu kikiwasha taa nyekundu na maandishi ya kumwambia dereva akate kona. Bado watu walijigonga. Mwaka 2019 shirika la reli likainua njia yake kwa inchi 8 tu, kwa sababu ukiinua zaidi unaathiri mageti ya reli ya jirani. Nusu nyingine ya hadithi ni kwamba barabara haikuweza kushushwa maana bomba kuu la majitaka linapita chini yake. Na baada ya kuinuliwa bado wapo waliogonga.

Kwa hiyo mtu akisema "tutaweka kibao", mimi nacheka.

#5 MamaZege

> Na baada ya kuinuliwa bado wapo waliogonga

Kabisa. Uingereza madaraja ya reli hugongwa zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka, na kule daraja lolote chini ya futi 16 na nusu, yaani kama mita 5.03, huwekewa alama. Shida si paa la lori peke yake. Daraja likigongwa, treni zinasimamishwa au zinapita kwa mwendo wa kutambaa hadi mkaguzi athibitishe kwamba reli haijasogea. Dereva mmoja anachelewesha watu elfu kadhaa ambao hawajamwona.

Kuna kitu kizuri cha historia hapo. Sheria ya reli ya Uingereza ya mwaka 1845 iliwataka wenye reli waache upana wa futi 35 na kimo cha futi 16 kwa barabara kuu za ushuru, na futi 25 kwa 15 kwa barabara za kawaida za umma. Lakini kile kimo kilitakiwa sehemu ya katikati tu, kama futi 12 au 10 za upana, kwa sababu matao ya matofali hushuka pembeni. Ndiyo sababu hadi leo kwenye madaraja ya tao utaona lori linahamia katikati ya barabara likiwasha taa, na basi la ghorofa linangoja upande wa pili. Waliandika kwa kupima mkokoteni wa nyasi, sisi ndio tunaoishi na vipimo vyao.

#6 JichoPembeni

Wakuu samahanini, mnajadili kina cha shimo kabla hamjauliza kama shimo linahitajika. Kwa nini tusiinue reli, barabara ibaki ilipo?

Berlin walifanya hivyo. Reli ya katikati ya jiji ilifunguliwa mwaka 1882 juu ya matao 731 ya matofali. Barabara zinapita chini bila kushuka hata hatua, na ndani ya matao kuna maduka na migahawa. Chicago nayo kuanzia miaka ya 1890 iliyalazimisha makampuni kuinua njia zao juu ya matuta. Na Melbourne, kwenye mpango wao ulioanza 2015 wa kuondoa mageti 110 hadi 2030, mstari wa Caulfield hadi Dandenong uliondolewa mageti 9 kwa kunyanyua sehemu zake juu ya nguzo, kazi ikaisha 2018. Chini yake wakapata njia ya baiskeli na bustani.

Shimo moja kwenye geti moja ni kiraka. Na shimo lina maji. Treni ikiwa juu, hujawahi kusikia mtu amezama barabarani.

#7 KokotoNaTaruma

JichoPembeni una hoja ila unazungumza na mtu wa reli, kwa hiyo sikiliza upande wangu.

Treni haipandi kama basi. Ya mizigo ukiipa asilimia 1 inalalamika. Kuinua reli mita 7 kwa mteremko huo ni mita 700 kila upande kabla hujafika geti, wakati barabara kwa asilimia 5 ni mita 140. Kama kuna stesheni karibu, na mara nyingi ipo kwa sababu mji ulijiotea pale, basi stesheni nzima inapanda juu na wewe. Ikiwa kuna mageti 9 kwenye mstari mmoja, kama hao wa Melbourne, inalipa. Geti moja pekee, njia za mchepuko za mizigo pembeni, hapana.

Sasa niwaambie namna ya kuchimba treni zikipita, maana watu hufikiri reli inafungwa mwaka mzima.

Njia ya kwanza: unaomba reli siku mbili tatu, wikiendi. Sanduku la zege, yaani njia yenyewe yenye sakafu, kuta na paa, limeshajengwa pembeni tayari. Ijumaa usiku treni ya mwisho ikipita mnakata reli, mnatoa taruma, mnazoa kokoto, mnachimba kama watu wanaotafuta dhahabu, mnaliingiza sanduku, mnafukia, mnashindilia, mnarudisha reli. Jumatatu alfajiri treni inapita taratibu. Ukichelewa kwa saa 3 simu zinaanza kuingia kutoka kwa watu usiowajua.

Njia ya pili ni kusukuma, nayo ndiyo ninayoipenda. Unachimba shimo kubwa kando ya reli, ndani yake unajenga sanduku zima, nyuma yake unajenga ukuta mzito wa kuegemea. Jeki za haidroliki zinaegemea ukuta huo na kulisukuma sanduku. Mbele kuna ngao ya chuma yenye makali, na watu wako ndani ya ngao wanachimba udongo kidogo, jeki zinasukuma kidogo, wanachimba tena. Juu treni zinapita, zimepunguziwa mwendo, reli zimefungwa kwa mafungu ya vyuma vya ziada ili zisilegee. Hatari yake ni kwamba paa la sanduku likisuguana na udongo linataka kuondoka nao, na ule udongo ndio umebeba reli. Kwa hiyo unalainisha paa, au unatandika kamba za chuma zinazobaki mahali pake sanduku likiteleza chini yake. Mpimaji anakaa na chombo chake pembeni usiku kucha anasoma milimita. Akisema "simama", hata mkurugenzi anasimama.

Boston, kwenye ule mradi wao mkubwa wa barabara za chini, walisukuma mahandaki 3 chini ya reli zinazoingia stesheni ya South Station. Udongo ulikuwa mbovu, umejaa mabaki ya misingi ya zamani, wakaugandisha kwanza: mabomba yamezamishwa ardhini, maji ya chumvi yenye baridi kali yanazunguka ndani yake, ardhi inakuwa ngumu kama barafu, ndipo wanaichonga. Treni ziliendelea.

Sanduku likishafika, kazi haijaisha. Kokoto za pembeni yake hulala polepole. Pale zege linapokutana na udongo, treni inapiga kishindo kidogo, na gengi langu, yaani mafundi wa kutunza reli, linarudi pale tena na tena kuinua taruma. Nani atalipa gengi hilo miaka 10 ijayo? Andikeni kabla ya kutia sahihi.

#8 Napita2

Mimi nilikuja kupita tu, sasa najua kugandisha udongo.

#9 MpimaMvua

JichoPembeni ameugusa mfupa. Tuzungumze maji, maana njia za chini nyingi haziuawi na treni.

Shimo lako ni bakuli. Halikusanyi mvua inayoangukia ndani yake tu, linakusanya ya miteremko yote miwili na ya mitaa ya pembeni kama hukujenga tuta dogo mdomoni kuizuia. Tuseme eneo linalomwaga ndani ni mita za mraba 5,000. Mvua ya milimita 100 kwa saa ikinyesha, ni mita za ujazo 500 kwa saa, karibu lita 140 kila sekunde. Hilo ni pipa la lita 200 linalomwagwa kila sekunde moja na nusu. Pampu ya kisima cha nyumbani haina mazungumzo hapo.

Ukitaka kujua kama mradi una nia njema, usiangalie zege. Uliza pampu ziko ngapi. Jibu lolote la "moja" ondoka. Angalau mbili, kila moja iweze kazi peke yake. Uliza umeme ukikatika inakuwaje, maana mvua kubwa na umeme kukatika ni ndugu wa tumbo moja. Uliza maji yanasukumwa yaende wapi, kwa sababu nimeona mahali pampu inatoa maji shimoni na kuyatia kwenye mtaro unaorudi palepale shimoni. Ilikuwa inafanya kazi vizuri sana. Ilifanya kazi usiku kucha.

Delhi wana daraja la Minto, la mwaka 1933, linajulikana kwa kujaa kila msimu wa mvua. Julai 2020 dereva wa gari dogo la mizigo alikufa maji pale. Mwezi huohuo, tarehe 23, watu 3 walikufa Busan, Korea Kusini, kwenye njia ya chini ya Choryang inayopita chini ya reli. Na mwaka 2023, tarehe 15 Julai, huko Osong, Cheongju, tuta la mto lilibomoka na maji yakaingia kwenye njia ya chini ya magari, watu 14 wakafa, wengine wakiwa ndani ya basi. Dereva wa basi anaziona taa za mbele, anaona wenzake wanapita, anadhani ni dimbwi. Maji ya sentimita 30 yanaweza kuelea na gari dogo. Sentimita 60 yanachukua karibu gari lolote.

Kwa hiyo mdomoni pawe na kizuizi kinachojishusha chenyewe maji yakifika alama, bila kumngoja mtu aliyelala.

Na kuna maji yasiyoonekana. Kama maji ya ardhini yako juu kuliko sakafu, lile sanduku la zege ni boti. Likiwa tupu linataka kuelea. Lazima ulifanye zito au ulifunge kwa nguzo zinazolivuta chini. Watu hushangaa zege la sakafu kuwa nene kuliko la ukuta. Sababu ndiyo hiyo.

#10 Pedali

Mmejaza kurasa na hakuna aliyemtaja anayetembea. Basi linamfikisha mtu kituoni tu, hatua za mwisho ni zake.

Mtembea kwa miguu hahitaji mita 5 juu ya kichwa. Mita 2.7 zinamtosha. Kwa hiyo njia yake inaweza kukaa juu kuliko lami, ndani ya sanduku lilelile, kama kibaraza pembeni. Ukichukua hesabu ya MamaZege, gari linashuka mita 6.3 na mimi nashuka mita 4. Ni mita 2.3 ambazo mama mwenye mzigo, mzee, na aliye kwenye kiti cha magurudumu hawazipandi. Mafuriko pia yanawakuta mwisho. Na moshi uko chini.

Ngazi tupu msiniletee. Nimewahi kubeba baiskeli begani ngazi 38, nimezihesabu, kwa sababu aliyechora hakuwahi kuwa na magurudumu zaidi ya manne au pungufu ya hapo. Mtu akiona ngazi anapanda juu ya reli, anapenya tundu la uzio. Na utawekwa uzio mpya, na tundu jipya litatokea palepale, wiki hiyohiyo.

Na iwe imenyooka. Ukisimama mdomoni uone mwanga wa upande wa pili na uone nani amesimama ndani. Kona moja tu ikiwepo, baada ya saa 1 usiku wanawake hawapiti, hata uweke taa mia. Amsterdam kuna njia ya mita 110 chini ya stesheni kuu, ya baiskeli na miguu tu, ilifunguliwa 2015. Upande wa wanaotembea ukuta umevaa vigae vya bluu na vyeupe, meli zimechorwa. Watu wanapita pale kwa kupenda. Hakuna sheria inayokataza kitu cha chini kuwa kizuri.

#11 Kontena40

Pedali, hizo ngazi 38 nimecheka, pole lakini.

#12 MzeeWaStelingi

Wakuu mmenifungua macho. MamaZege marahaba, na asante.

Nirudi kwenye usukani. Nilikaa nikawaza: tuseme kimo kimerekebishwa, maji yamedhibitiwa, nashuka napanda. Natokea wapi? Mita 80 mbele kuna taa za njia panda. Zamani geti lilikuwa linatuchuja, linatuachia kwa mafungu. Sasa sote tunatiririka mfululizo hadi kwenye zile taa, na foleni inarudi nyuma, inashuka mteremko, inaingia ndani ya shimo. Nitakuwa nimetoka kusubiri juani na sasa nasubiri gizani na moshi. Na basi lililojaa kuanzia kusimama kwenye mpando, nyie waulizeni makanika wa klachi.

Nimekumbuka jinsi Japani wanavyoliita geti linalofungwa dakika 40 au zaidi katika saa ya msongamano: geti lisilofunguka. Letu la dakika 32 halijafika huko. Nisingependa tuhamishe geti lisilofunguka tukalipeleka kwenye taa.

Ninachotaka mimi ni hiki: kama sanduku lina nafasi ya njia 4, moja kila upande iwe ya basi tangu kabla ya mteremko hadi baada ya zile taa, na taa zitupe sekunde chache za kutangulia. Kama pesa ni ya njia 2 tu, basi ziwe za basi, baiskeli na gari la wagonjwa, magari madogo yazungukie daraja jingine. Najua nitatukanwa.

#13 JichoPembeni

Sikutukani mzee, ila wenye magari ndio watakaohudhuria mkutano. Abiria wako wako kazini saa hizo.

#14 MamaZege

Ndiyo maana dereva aende. Mzee, nenda na maswali machache, usihutubie. Kwanza, kile kimo cha 3.1 kimetokana na nini hasa? Sidhani kama ni ubahili tu. Nahisi kuna bomba kubwa chini, kama lile la Durham. Wakikwambia bomba, waulize nani aliliona kwa macho. Ramani za mabomba ya zamani huchorwa ofisini. Shimo mbili za majaribio, koleo na watu wanne, zinaweza kubadilisha mradi mzima. Pili, waulize pampu. Tatu, waombe wakuoneshe mchoro wa kukata wima, siyo ule wa rangi wenye miti na watoto wanaotabasamu.

#15 KokotoNaTaruma

Na ya nne, gengi langu.

#16 MzeeWaStelingi

Wakuu, nimerudi. Nilienda na sare yangu ya kazi.

Kuhusu kimo, MamaZege ulipiga ramli. Ni bomba la majitaka. Nikauliza nani amelichimbua akaliona. Kimya. Kijana mmoja wa upimaji, mpole, akasema ramani ni ya zamani na wangetaka kuhakikisha, ila haikuwemo kwenye bajeti. Mwenyekiti akaandika. Wiki iliyofuata nikapita na basi nikaona watu wanne na koleo kando ya geti, nikapiga honi kwa furaha wakadhani nawafukuza. Bomba wamelipata, mita 11 kutoka pale lilipochorwa, upande wa kichochoro. Wamesema kimo kitachorwa upya kwa mita 4.7. Mambo ya njia ya basi wameniambia ni "hatua ya baadaye". Ya gengi walisema watawasiliana na reli.

Pampu zipo mbili, MpimaMvua. Jenereta lipo. Nikafurahi, nikaomba ule mchoro wa kukata wima. Nikauangalia kwa kidole, kutoka reli kushuka, taruma, kokoto, paa, ukuta. Kule chini kabisa, kando ya shimo la pampu, sentimita 40 juu ya lami, kuna kisanduku kimechorwa. Nikamuuliza yule kijana ni nini.

Akasema, "Hiyo ni swichi kuu ya umeme wa pampu, mzee."

Nikamtazama. Naye akautazama mchoro. Akachomoa penseli sikioni.